Baba aliyewapa wanawe mkono: uchambuzi wa malezi katika nyumba ya John B. Watson

Mwaka 1928 kilitoka Marekani kitabu cha malezi kilichowataka wazazi wasiwakumbatie watoto wao, wasiwabusu wala wasiwapakate. Mzazi akishindwa kabisa kujizuia, basi ambusu mtoto mara moja kwenye paji la uso wakati wa kuagana usiku. Asubuhi wapeane mikono. Mtoto akiifanya vizuri kazi iliyo ngumu kuliko umri wake, aguswe kidogo kichwani kama pongezi, yaishe.

Aliyeandika maneno hayo hakuwa mtu wa vichochoroni. John Broadus Watson ndiye aliyesimamisha nadharia ya tabia, ile inayosema saikolojia ichunguze kinachoonekana na kupimika, na mambo ya moyoni tuyaache. Mwaka 1915 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa nchi yake. Na alikuwa baba wa wavulana wawili wadogo: William, au Billy, aliyezaliwa 1921, na James, au Jimmy, aliyezaliwa 1924. Kitabu kilipoingia madukani, watoto hao walikuwa bado wa kulazwa kitandani na mtu mzima.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinatutoa kwenye mjadala wetu wa kila siku. Sisi tukizungumzia malezi tunaishia kwenye kiboko: apigwe au asipigwe. Ni mjadala wa haki. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini nyumba ya Watson haikuwa nyumba ya kiboko. Yeye mwenyewe alipinga adhabu za viboko. Alichokubali ni kumpiga mtoto kidogo vidoleni papo hapo, pale anapogusa asichotakiwa kugusa. Chakula kilikuwepo, usafi ulikuwepo, vitabu vilikuwepo, baba ana kipato kikubwa, mama amesoma chuo. Na watoto wakatoka humo wameumia. Billy alijiua akiwa mtu mzima.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile inayojulikana kama MMMAM na iliyozinduliwa Tanzania mwishoni mwa 2021, inataja mambo matano ambayo mtoto mdogo anahitaji ili akue vizuri: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kuziona ishara za mtoto na kuzijibu. Mpangilio huo unatokana na mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Ukiipima nyumba ya Watson kwa vipimo hivyo, inapata manne kati ya matano, tena kwa alama za juu. Uchambuzi huu wote unahusu hilo la tano.

Mtu alikotoka

Watson alizaliwa 1878 karibu na Greenville, South Carolina, katika familia ya mashambani isiyo na uwezo. Mama alikuwa mshika dini mkali. Baba alikuwa mlevi, na aliitelekeza familia John akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Miaka mingi baadaye, mwana akiwa ameshapata jina, baba huyo alijitokeza akitaka kumwona. Watson alikataa.

Kuna jambo jingine la utotoni mwake ambalo wasomaji wa kwetu watalitambua upesi. Mlezi wa nyumbani alimtisha kwamba gizani kuna Shetani, na kwamba akitoka nje usiku atachukuliwa. Watson aliogopa giza maisha yake yote. Mtu huyu aliyekuja kuuambia ulimwengu kwamba hofu za watoto hutengenezwa na watu wazima alikuwa akisema anachokijua. Katika hilo, kwa maoni yangu, alikuwa sahihi, na nyumba zetu nyingi zinazolaza watoto kwa kuwaambia "zimwi linakuja" zingefaidika kumsikiliza.

Alipanda ngazi kwa kasi: shahada ya uzamivu Chicago mwaka 1903, uprofesa Johns Hopkins mwaka 1908. Mwaka 1920 alifukuzwa chuoni kwa sababu ya uhusiano na mwanafunzi wake, Rosalie Rayner, huku akiwa na mke na watoto wawili. Talaka ilijaa magazetini. Alimwoa Rosalie, akahamia New York, akaingia kampuni ya matangazo ya biashara na kufika cheo cha makamu wa rais. Kwa hiyo kitabu cha malezi hakikuandikwa na profesa aliyekuwa kazini. Kiliandikwa na mtu wa matangazo, anayejua jinsi ya kumfanya mama asiyejiamini ajione anakosea. Tukisoma leo mashauri ya malezi kwenye simu zetu, hilo la kujua mwandishi anakula wapi lina maana yake.

Mantiki ya kupeana mikono

Ni rahisi kumcheka Watson. Ni vyema zaidi kuelewa alivyofikiri, maana mantiki yake haikuwa ya kipuuzi, na nusu yake bado tunaishi nayo.

Alianzia maabara. Baada ya kuchunguza watoto wachanga, aliamua kwamba mtoto anazaliwa na hisia tatu tu: hofu, hasira na upendo. Upendo, kwa hesabu yake, huamshwa na kuguswa ngozi, yaani kupapaswa, kubembelezwa na kutikiswa taratibu. Kila kitu kingine hujengwa juu ya hizo tatu kwa mazoea. Mwaka 1920 yeye na Rosalie walichapisha jaribio ambalo hadi leo hufundishwa vyuoni, na hadi leo hutolewa kama mfano wa utafiti usio na huruma. Mtoto wa miezi kumi na moja hivi, aliyepewa jina la Albert, alionyeshwa panya mweupe huku nyuma yake chuma kikigongwa kwa nyundo. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mtoto akawa analia akimwona panya peke yake.

Ndani ya taarifa hiyo kuna jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo ufunguo wa kisa chote. Watafiti waliandika kwamba Albert alipoweka kidole gumba mdomoni, hofu ilikuwa inapotea. Ilibidi wakitoe kidole, tena na tena, ndipo mtoto aogope. Walikuwa wameona kwa macho yao mtoto anavyojituliza, wakakihesabu kuwa kikwazo kwa jaribio. Miaka minane baadaye, kwenye kitabu cha malezi, kunyonya kidole kukahesabiwa miongoni mwa tabia za kupigwa vita.

Sasa fuata hoja yake. Ikiwa upendo ni mazoea yanayojengwa kwa kuguswa, basi kila unapompakata mtoto unamjengea mazoea ya kukuhitaji wewe. Akikua hatakuwepo wa kumpakata. Atakuwa mtu mzima anayelilia huruma kwa kila jeraha, asiyeweza ndoa wala kazi. Kwa hiyo mama mwenye mapenzi mengi ni hatari. Mtoto aachwe uani acheze peke yake sehemu kubwa ya siku, ajifunze kushughulika na matatizo yake. Na mama ambaye moyo unamsumbua, anataka kumwangalia? Atoboe tundu la kuchungulia, au atafute periskopu, bomba lenye vioo la kuonea ukiwa umejificha, amwone mtoto bila mtoto kumwona.

Hapo kwenye periskopu wengi hucheka. Lakini msikilize bibi au shangazi anapomwambia mzazi mpya: "Usimbebebebe, atazoea mikono." Au mjomba anapoona kijana wa miaka minne analia: "Mwanamume halii, mwache." Hawajamsoma Watson. Wana hofu ileile, kwamba faraja ni deni ambalo mtoto atakuja kulidai maisha yote.

Watson hakuwa peke yake wakati ule, na kwa haki yake hilo lazima lisemwe. Huko New Zealand, daktari Truby King alikuwa akihubiri kunyonyesha kwa saa maalumu na si kwa kilio. Vijitabu vya serikali ya Marekani kwa akina mama navyo vilisisitiza ratiba. Watoto wachanga walikuwa wanakufa kwa wingi kwa kuharisha na maambukizi, na mkono usio safi ulikuwa hatari ya kweli. Alichoongeza Watson ni kuuhamisha uangalifu huo kutoka kwa vijidudu hadi kwa mapenzi yenyewe.

Rosalie

Nyumba hii ilikuwa na shahidi wa ndani. Mwaka 1930 Rosalie aliandika makala katika jarida la wazazi akijitambulisha kama mama wa wana wa mwanasaikolojia wa tabia. Aliunga mkono mfumo wa mumewe kwa jumla, na alikuwa amesaidia kukiandika kitabu. Ila kati ya mistari kulikuwa na mwanamke mwingine. Alisema anapenda kucheka na kufanya utani, na akakiri kwamba hakuweza kuizima kabisa hamu ya kuwaonyesha wanawe mapenzi. Alitamani kwa siri kwamba wakikua wangekuwa dhaifu kidogo katika mambo ya mapenzi, wawe na chozi kwa ushairi na kwa tamthilia ya maisha.

Neno "kwa siri" ni zito hapo. Mama anaficha mapenzi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mtu anayemtorosha mtoto jikoni ampe kipande cha nyama kabla ya wageni. Billy na Jimmy huenda walipata kwake faraja ya kuibiwa. Faraja ya kuibiwa ni faraja, lakini nayo ina fundisho lake: mtoto anajifunza kwamba jambo hili lipo na linaonewa aibu.

Kisha mwaka 1935 Rosalie akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alikuwa na miaka 36. Billy alikuwa na miaka 13, Jimmy hata 12 hajafika. Mtu pekee ndani ya nyumba aliyekuwa akivunja sheria kwa faida yao aliondoka. Baba alizama katika pombe na kazi. Wavulana wakapelekwa shule za bweni.

Matokeo

Billy alikua akawa daktari wa magonjwa ya akili, fani ya kusikiliza yale ya moyoni ambayo baba yake alisema hayana nafasi katika sayansi. Ni vigumu kuona hilo kama bahati tu. Hata hivyo fani hiyo haikumwokoa. Alikufa kwa mkono wake.

Jimmy alizungumza akiwa mzee, katika mahojiano yaliyochapishwa 1987. Hakumchora baba kama zimwi. Alimsifu kwa akili, haiba na uchangamfu. Lakini alisema pia kwamba baba alikuwa mtu asiyeweza kuwasiliana kihisia, asiyeweza kuonyesha hisia zake mwenyewe wala kukabiliana nazo, na kwamba bila kukusudia aliwanyima yeye na nduguye msingi wowote wa kihisia.

Bila kukusudia. Mwana aliyeumia bado alikuwa makini kutenganisha nia na matokeo, na mchambuzi yeyote anafaa amfuate.

Upande wa ndoa ya kwanza, mjukuu wa Watson, mwigizaji Mariette Hartley, ameandika hadharani juu ya mama yake, binti wa Watson, aliyepambana na pombe na kujaribu kujiua, na juu ya jinsi ule ukavu wa nyumbani ulivyofika hadi kizazi chake yeye.

Watson mwenyewe aliandika mwaka 1936 kwamba anakijutia kitabu kile, kwa sababu hakuwa anajua vya kutosha kuandika kitabu alichotaka kukiandika. Ni toba ya nusu. Anajuta upungufu wa maarifa. Juu ya watoto hasemi kitu. Mwaka 1957 chama cha wanasaikolojia kiliamua kumpa nishani. Alisafiri hadi New York kuipokea, na dakika za mwisho akamtuma mwanawe aende badala yake, akihofia kwamba angelia mbele ya watu. Alifariki mwaka uliofuata.

Tusimbebeshe kitabu kila kitu

Kisa kimoja hakithibitishi chanzo. Wasimulizi wengi wa habari hii hupiga mstari ulionyooka kutoka busu la paji la uso hadi kifo cha Billy, na mstari huo ni wa kalamu tu. Ndani yake mna msiba wa mama katika umri mbaya, msiba ambao haukupata pa kusemewa. Mna pombe ya baba, na kabla yake pombe ya babu. Mna uwezekano wa kurithi sonona, kwa kuwa majonzi yanaonekana katika matawi yote mawili ya familia, hata kwa binti aliyekuwa amekwisha kukua kabla kitabu hakijaandikwa. Mna talaka iliyoanikwa magazetini. Na maelfu ya watoto wa Marekani walilelewa kwa kitabu kilekile wakaishi salama, wengine kwa sababu mama zao walikinunua, wakakisoma, kisha wakafanya walivyotaka.

Hiyo ya binti ndiyo inayonishawishi zaidi. Kama baridi ilikuwepo kabla ya nadharia, basi nadharia haikuizaa. Hukumu yangu ni hii: Watson hakuwa baba aliyekuwa na mapenzi tele kisha sayansi ikamzuia. Alikuwa mtoto wa baba aliyetoroka na mama mkali, hakujua la kufanya na mikono yake mbele ya mtoto anayelia, na nadharia ilimpa kibali. Ilimgeuzia upungufu kuwa ubora. Mzazi mwingine hutumia dini kwa kazi hiyohiyo, mwingine mila, mwingine "mimi nililelewa hivihivi na sasa niko sawa". Mtindo wa malezi mara nyingi huchaguliwa kwa sababu unaturuhusu kubaki tulivyo.

Kilichokuja kupimwa baadaye

Dai kuu la Watson lilikuwa linaweza kupimwa, na lilipimwa. Je, mtoto anayefarijiwa anazidi kudai?

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow wa Wisconsin, Marekani, alitangaza majaribio yake ya vitoto vya nyani vilivyowekewa "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu. Vitoto vilikwenda kwa waya kunyonya, vikarudi kwenye kitambaa kukaa. Vilipotishwa vilikimbilia kitambaa. Mguso haukuwa sukari ya juu ya chakula. Ulikuwa hitaji lenyewe. (Majaribio haya nayo yalikuwa ya kikatili. Historia ya taaluma hii ina viumbe wengi walioumizwa ili tujue wanachohitaji.)

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ulipatikana Buganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe, aliyeajiriwa kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Akafuatilia familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na mji, akiwatembelea takriban kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni, akazungumza na akina mama kupitia mkalimani, akatazama. Watoto hawa walibebwa mgongoni na kunyonyeshwa walipolia, kinyume kabisa na kitabu cha Watson. Kwa hesabu yake wangetakiwa kuwa mateka wa mama zao. Alichoona Ainsworth ni watoto wanaotambaa mbali kwenda kuchokonoa vitu, wanageuka kumwangalia mama, wanaendelea. Mama alikuwa kituo cha kuondokea. Na watoto hawakuwa sawa wote: wale ambao mama zao walikuwa makini kwao na walijua kueleza mambo madogo madogo ya mtoto wao ndio walioonekana kutulia, ilhali wengine walilia sana hata mama akiwepo.

Ainsworth aliporudi Marekani alirudia kazi hiyo Baltimore, mji uleule wa maabara ya Watson, na tena kwa familia 26. Mwaka 1972 yeye na Silvia Bell walichapisha matokeo yanayojibu moja kwa moja suala la kuzoea mikono: watoto ambao mama zao waliitikia kilio haraka katika miezi ya mwanzo walikuwa wanalia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, na walikuwa na njia nyingi zaidi za kujieleza bila kulia. Mwaka 1986 huko Montreal, Kanada, watafiti Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto wachanga zaidi kila siku, hata pale wasipolia. Walipofikisha wiki sita, watoto hao walilia na kulalama kwa muda pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao.

Shangazi, kwa heshima zote, hapa takwimu hazikuungi mkono.

Ukali bila fimbo

Mwanasaikolojia Diana Baumrind, akifanya kazi Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1960 na watoto wa shule ya awali, aliyapanga malezi katika mafungu matatu. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza la nne. Ukiondoa majina ya kitaalamu, kipimo kina maswali mawili. Mzazi anadai kiasi gani? Na anaitikia kiasi gani? Anayedai sana na kuitikia sana hulea kwa mwongozo. Anayedai sana bila kuitikia analea kimabavu. Anayeitikia bila kudai anadekeza. Asiyefanya lolote ametelekeza, hata kama analala nyumba hiyohiyo.

Wengi wetu tukisikia "malezi ya kimabavu" tunamwona baba mwenye mkanda mkononi. Watson anaonyesha kwamba unaweza kuingia fungu hilo bila kunyanyua mkono wala sauti. Alidai mengi: choo kwa saa, usingizi kwa saa, kujitegemea, kutolalamika. Akaitikia kidogo. Mtoto wa namna hii hana alama ya fimbo ya kumwonyesha mwalimu. Mara nyingi husifiwa. Ni mpole, hasumbui, anakaa mwenyewe. Utamgundua kwa mambo madogo: ameanguka akaumia na hakumtafuta mtu mzima yeyote, mzazi amerudi kutoka safari na yeye hajainua kichwa. Mgeni anamwita mtoto mwenye adabu.

Hapa lazima tuwe waangalifu tusichanganye adabu na baridi. Mtoto wa Tanga au Unguja anayemwamkia baba "shikamoo" kila asubuhi na kujibiwa "marahaba" anafanya kitu kinachofanana kwa umbo na ule mkono wa Watson. Hakifanani kwa maana, kwa sababu amkio hilo limezungukwa na mambo mengine. Alilala ubavuni mwa mama. Alibebwa kwa kanga mgongoni mwa dada yake. Bibi alimpakata akimtafunia karanga. Baba anaweza kuwa mkavu kama kuni na mtoto asikauke, maana kuna mikono mingine sita. Malezi ya jamaa nyingi yalikuwa yanafidia upungufu wa mzazi mmoja bila mtu kuandika mpango wowote.

Nyumba ya Watson haikuwa na fidia hiyo. Ilifungwa, sheria moja ikamhusu kila mtu, yaya naye akiwemo. Na nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa leo zinaelekea kufanana na hiyo zaidi kuliko na ile ya bibi: vyumba viwili vya kupanga, wazazi wanatoka alfajiri, dada wa kazi anabadilishwa kila baada ya miezi michache, mtoto anaachiwa simu ili anyamaze. Baba mkavu katika nyumba ya namna hii si yule baba mkavu wa zamani, hata kama tabia yao ni moja. Wa zamani alikuwa mmoja kati ya wengi. Huyu ni nusu ya watu wote alionao mtoto.

Kinachoweza kubadilishwa

Mwitikio haulazimishi mabusu. Kuna wazazi wasiojua kukumbatia na hawatajua, na watoto wao wako vizuri, kwa sababu mtoto akisema "baba, tazama" baba anatazama. Akiogopa radi anaulizwa anaogopa nini, hachekwi. Akikosea anaambiwa kosa na njia ya kulirekebisha, kisha mambo yanaisha. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hesabu ni nyepesi zaidi: akilia, nenda. Kwa wa miaka mitatu, kwenda hakumaanishi kumpa anachokililia. Hapo ndipo mzazi anayedekeza naye anapopotea, maana anadhani kutuliza ni kukubali.

Na jambo hili hufundishika kwa watu wazima. Huko Kingston, Jamaika, katikati ya miaka ya 1980, wahudumu wa afya wa jamii walitembelea nyumba za watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Katika makundi yaliyopangiwa huduma hiyo, kila wiki kwa miaka miwili walikaa saa moja na mama wakimwonyesha jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Miaka ishirini baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiopata huduma hiyo.

Ila waliofundishwa walikuwa akina mama, na tatizo la nyumba ya Watson halikuwa mama. Kliniki zetu za mama na mtoto zina pengo hilohilo. Baba akimsindikiza mkewe husifiwa kwa kufika, na vituo vingi huwahudumia kwanza wenzi waliokuja pamoja ili kuwavutia wengine. Anaulizwa kuhusu vipimo vyake na kadi ya mtoto. Anacheza vipi na mtoto huyo, na mtoto akilia usiku yeye hufanya nini, mara nyingi hakuna anayemuuliza.